Mama Pamba na Mondo Aliyepona

Baada ya miaka thelathini na moja katika kituo chetu chenye wodi ya wanyamapori waliojeruhiwa, Mama Pamba anastaafu rasmi tarehe thelathini Juni. Uongozi umeniomba mimi, mpishi wa chakula cha wagonjwa wetu, niandike wasifu wa kusoma kwenye hafla hii ya kumuaga, mfupi, mtamu, usio na makali. Kwenye ufupi nitajitahidi.

Jina lake lilitokana na pamba ya kusafishia vidonda, iliyojaa mifukoni mwake hata ikadondoka kwenye harusi ya binti yake alipochomoa leso. Amehudumia swala, bundi na kobe waliogongwa na magari. Nyani mmoja aliyevunjika mkono alimnyang'anya miwani akaivaa yeye. Mama Pamba alimfunga bendeji hivyo hivyo kwa kupapasa, huku akimtukana kwa upendo wote.

Yeye ndiye mwanzilishi wa mpango wa ulezi. Dawa zilipoadimika, alizunguka shuleni, sokoni na kwenye saluni akiwaomba watu wachague mgonjwa mmoja, wachangie matibabu yake, nao wapate picha na habari zake. Hamumnunui, aliwaambia mpaka koo likamkauka. Mnamsaidia arudi kwao. Bila walezi hao, wodi hii leo ingekuwa stoo ya viti vibovu.

Kisha akaletwa mondo, yule paka wa porini mwenye miguu mirefu na masikio makubwa. Waya wa mtego ulikuwa umemkata mguu hadi mfupani. Walezi walimpenda kupita wagonjwa wote. Fundi cherehani mmoja alikuja kumtazama kila Jumapili, na darasa zima la wanafunzi likamchangia. Mguu ukapona, daktari akasema aachiwe.

Meneja akakataa. "Huyu ndiye anayetuletea watu," alisema. "Akiondoka, watachangia kizimba kitupu?" Akaagiza mguu ule mzima ufungwe bendeji mpya, mondo apigwe picha.

Nilikuwepo. Mama Pamba aliichukua ile bendeji akaitupa kwenye ndoo ya maji machafu.

"Nimefunga vidonda maisha yangu yote," alisema. "Uongo siufungi."

Wiki zikapita. Mondo alizunguka kizimbani mpaka nyasi zikaisha, akasugua pua kwenye wavu mpaka ikatoka damu. Jeraha hilo hakulipata kwa mwindaji. Alilipata kwetu, mahali tunapojiita wenye huruma.

Siku ya walezi kutembelea ilipofika, Mama Pamba alisimama mbele ya kizimba. "Mnyama wenu amepona zamani," aliwaambia. "Anazuiwa kwa sababu mnampenda. Kama mnamlea kweli, daini aondoke."

Meneja alianza kukohoa ili aseme neno. Fundi cherehani akamkata kauli: "Bwana meneja, subiri kwanza. Mama, funguo anazo nani?"

Hakuna mlezi aliyetoka getini mpaka gari la kumsafirisha mondo lilipowashwa. Aliachiwa bondeni, akapotea majanini bila hata kugeuka. Na wale walezi ambao meneja aliogopa watakimbia? Wengi walihamia kwa nungunungu aliyeungua moto, kiumbe ambaye hata mamaye angefikiri mara mbili kabla ya kumkumbatia.

Malipo ya Mama Pamba yalikuwa kufukuzwa wodini. Miaka hii yote ya mwisho, mikono iliyounga mabawa ya bundi imekuwa ikiosha ndoo nyuma ya jiko langu. Leo uongozi uleule umemnunulia keki. Atapewa mkono, watacheka mbele ya kamera. Sisi wenzake tunasema waziwazi kwamba alichotendewa ni aibu, na keki haiifuti.

Mama yetu, asante kwa kila kiumbe uliyemrudisha kwao, na kwa kutufundisha kukasirika panapostahili. Nenda ukalale mpaka jua likuamshe, ukawachekeshe wajukuu kwa kisa cha nyani mwenye miwani. Afya iwe tele na raha isikupungukie.

Na kuhusu yule tai wa kizimba cha pili, ambaye daktari amemruhusu na uongozi unataka asubiri wageni wa likizo, usiumize kichwa. Walezi wake tumeshawaambia ukweli. Wamekaa humu ukumbini, viti vya nyuma. Wakimaliza kukupigia makofi, tunakwenda nao kumfungulia.