Harambee ya Dizeli

Ndugu zangu, wanaosalimiwa kwa jina la Yesu nawasalimu hivyo, wa Asalaam aleikum nawasalimu hivyo, na nyinyi vijana wa "niaje" mliojificha huko nyuma karibu na sambusa, nimewaona pia. Mwenyekiti wa chama chetu amenipa dakika chache tu kwa sababu ananijua, nikishika maneno siachii. Lakini leo nitamaliza mapema kweli, na sababu nitaisema mwishoni. Majina sitataja. Wenyewe mnajijua.

Wengi wenu mlinijua nikiwa mtu wa peke yangu. Mke wangu alitutoka msichana wetu akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Nikamwachia mama yangu kule Makueni, nikaja huku Marekani kutafuta, nikidhani ni kwa muda mfupi. Karatasi za kumleta zikachelewa, mtoto akakulia kwenye simu. Meno yalipong'oka nilionyeshwa kwa simu. Alipoingia sekondari nilionyeshwa yunifomu kwa simu. Nawaambia, kumtamani mtoto wako mwenyewe ni njaa, na picha haziishibishi.

Mwaka juzi karatasi zikakubali. Nilienda kumpokea uwanja wa ndege wa Dulles na jaketi mpya mkononi, na ile jaketi ilikuwa ndogo, kwa sababu niliinunulia mtoto niliyekuwa namkumbuka. Akatoka msichana anayenikaribia kwa urefu. Akanipa mkono kwa heshima, kama anayemsalimia mchungaji mgeni.

Pale kwetu Lanham alikuwa na adabu iliyoniumiza. Nikiuliza shule ilikuwaje, "Sawa." Chakula je? "Kizuri, asante." Lakini Jumapili mchana alikuwa anafunga mlango wa chumba chake na kumpigia susu yake, yaani nyanya yake, na hapo ndipo nilikuwa nasikia kicheko. Wanaongea Kikamba, wanacheka juu ya jirani, juu ya mvua iliyokataa, juu ya mbuzi aliyeingia kanisani. Mimi niko jikoni, chai imepoa, natamani niwe hata huyo mbuzi.

Kilichomfungua ni voliboli. Kwao walicheza kwenye mchanga nyuma ya shule, na wavu ulikuwa kamba ya katani iliyofungwa kwa miti miwili. Hapa kocha alimwona akirudisha mpira siku moja tu, akamwita kwenye timu. Akaanza kubaki baada ya masomo na kurudi na basi la jioni, lile la manjano linaloleta watoto wa michezo baada ya mazoezi. Kazi yangu mnaijua, namtunza mzee mmoja Takoma Park, naingia saa tisa mchana na kutoka usiku. Bila hilo basi hangecheza. Siku zangu za off nilikuwa nasimama kituoni kumngoja. Akishuka anaongea bila kuulizwa, nani kapiga mpira vipi, nani kaanguka, kutoka kituoni hadi kwenye ngazi zetu. Ni mwendo mfupi sana. Wiki nzima nilikuwa nangojea huo mwendo.

Halafu mafuta yakapanda. Mnakumbuka vile tulikuwa tunapita kwa petroli stesheni tukitazama zile namba kama tunatazama joto la mgonjwa. Mimi nilifikiria gari langu tu. Haikunijia akilini kwamba basi la shule nalo linakunywa. Kaunti ikakaa chini, ikaona basi la asubuhi haliguswi, la kurudi baada ya masomo haliguswi, basi likatwe hili la watu wa mipira. Mechi za mbali zikapunguzwa, timu kubwa na ndogo zikabanwa kwenye basi moja. Wazazi tukaambiwa kila mtu atafute njia yake.

Nilitafuta, ndugu zangu. Niliomba kubadilishiwa shifti, nikaambiwa mzee ameshanizoea. Basi la mji lilitaka abadilishe mara mbili, kisha avuke barabara kubwa isiyo na njia ya miguu, giza limeingia. Na haya magari ya kuita kwa simu, jaribu kuyaita kila siku uone bei. Mwishowe nikamwambia apumzike kidogo mpaka mafuta yashuke. Akasema, "Sawa." Vile vitambaa vyake vya voliboli, vya kuvaa magotini, akavitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila nikipita naviona.

Mafuta hayakushuka. Majani yalianza kuanguka, na Jumapili moja akaja jikoni, akasimama wima. Ilionekana maneno ameyapanga kwa siku nyingi.

"Baba, naomba unirudishe kwa susu," akasema. "Sijakukasirikia. Ni vile hapa sina kitu changu."

Nilimwambia nitafikiria. Nikashuka nikaingia kwenye gari, nikalia, mwanaume mzima na ndevu zangu. Nilikuwa nimemngoja miaka yote ile, na sasa alikuwa anaondoka akiwa ndani ya nyumba yangu. Kesho yake nikampigia mtu wa tiketi.

Na siku hizo zote nilikuwa nakuja hapa chamani. Mlikuwa mnaniuliza, "Mko aje?" Nami nasema, "Tuko sawa, Mungu ni mwema," naongeza pilau. Mpaka siku ambayo dada yetu wa Tanga, nesi wa usiku, alinikuta nakunja viti.

"Kaka, mtoto hajambo?"

"Hajambo."

"Sijakuuliza kwa salamu. Nimekuuliza kweli."

Basi nikakaa kwenye kiti nilichokuwa nakikunja, nikamweleza yote. Kabla sijamaliza mlikuwa mmeshanizunguka. Na sasa chekeni, maana tulichofanya ni sisi tu tungeweza kukifanya. Kule kwetu basi la shule likikosa mafuta, wazazi wanachanga. Hakuna aliyejiuliza mara mbili. Kikapu kikazunguka hapa hapa, harambee ya dizeli, katikati ya Maryland. Tukachaguliwa wajumbe watatu kupeleka bahasha: mimi, dada wa Tanga, na mzee wetu Mkongo tunayemwita Papa, anayetoka Woodbridge, mbali kule Virginia. Siku hiyo Papa alivaa suti na kofia, dada akajifunga mtandio wa sherehe. Mtu angetuona angesema tunaenda kuposa.

Mkuu wa michezo alitupokea vizuri. Alisikiliza, akaitazama ile bahasha. Kisha akatueleza kwa upole kwamba mabasi si ya shule, ni ya kaunti, na yanajazwa kwenye pampu ya kaunti. Hata akiichukua bahasha yetu, hana tangi la kuimiminia. Alisema tangu aanze kazi hajawahi kuona mzazi anamletea pesa ya dizeli. Akatusindikiza mpaka mlangoni, akatushika mikono mmoja mmoja.

Tukasimama pale parking tumevaa vizuri na bahasha yetu. Nilikuwa nimeshatoa simu nimwambie mtu wa tiketi aendelee. Papa akavua kofia. Mnamjua, petroli yeye huiita esansi, na basi huliita bisi.

"Esansi tuko nayo," akasema. "Bisi ndiyo hatuna. Lakini ile inasimama pale, si motokari yetu?"

Dada wa Tanga akatazama magari, akatazama saa. Akasema yeye huamka mchana na kazi yake haianzi mpaka usiku. "Jumatatu na Jumatano nipeni mimi, nitamrudisha nyumbani."

Nawaambia, hapo ndipo maisha yangu yaligeuka, kwenye parking, kati ya magari matatu ya zamani. Papa akachukua Jumanne, na nyinyi mnaijua I-95 jioni ilivyo. Mama mmoja wa El Salvador wa ghorofa ya chini kwenye jengo letu, ambaye mpaka leo tunaongea kwa mikono, akachukua Alhamisi, maana binti yake yuko timu hiyo hiyo. Ijumaa nina off, nikachukua mimi. Bahasha ikabaki ya petroli.

Nilipomwambia msichana wangu, hakuruka wala hakucheka. Aliuliza tu:

"Mtu atatoka Woodbridge kwa ajili yangu?"

"Atatoka."

Akaenda nyuma ya mlango, akavitoa vile vitambaa kwenye msumari.

Hadithi zikaanza tena. Papa anaendesha polepole na rumba juu kabisa, wasichana wanne, maana wenzao wawili waliokosa basi nao walijiunga, wanaomba wafike kabla ya Krismasi. Dada wa Tanga hawashi gari mpaka kila mmoja amekula kitumbua. Nikawa narudi kazini nakuta bado yuko macho, ananingoja anisimulie.

Kisha ikaja Ijumaa ya mechi ugenini, zamu yangu. Sikuwahi kumwona akicheza, hata mara moja. Voliboli siijui, nilipiga kelele kila mpira ulipopaa. Nilipanda juu ya benchi. Nikamwita kwa lile jina la nyumbani, ambalo anaitwa na susu yake peke yake, jimu nzima ikageuka, naye akafunika uso kwa mikono. Walishindwa. Kwenye gari aligeukia dirishani, nami nikajua nimeharibu.

Jumapili akafunga mlango, akapiga simu. Nikakaa jikoni na chai yangu. Ndugu zangu, nikasikia, "Baba." Alikuwa anamsimulia susu vile nilivyopanda benchi, vile nilivyoshangilia pointi ya wapinzani, vile refa alivyoniangalia. Walicheka mpaka akakosa pumzi. Mbuzi hakutajwa hata kidogo.

Baadaye akaniletea simu. Mama yangu akaniambia, "Umepiga kelele zote hizo, mwanangu, na mimi sikuwepo." Hiyo hamu bado iko, kwake na kwetu. Msichana bado anaulizia mvua ya Makueni kila Jumapili. Lakini tiketi tunayoitafuta sasa ni ya watu wawili, ya kwenda na kurudi.

Basi la jioni halijarudi mpaka leo, na sijui kama litarudi. Dada, asante kwa kuniuliza mara ya pili. Papa, asante kwa kuvua ile kofia. Na nyinyi wote mliochanga dizeli isiyoweza kumiminwa popote, asanteni. Nilichojifunza ni kidogo tu: ukiulizwa hapa uko aje, jibu kweli, ndiyo maana tunakutana.

Sasa mwenyekiti niruhusu, maombi ya kufunga mtaniombea. Leo kuna mazoezi ya Jumamosi na yanaisha saa kumi na moja. Kuna wasichana wanne watakaosimama mlangoni pa jimu wakitafuta gari langu, na mmoja wao ni wangu.