Ufukwe wa Kitale

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama chetu, Mchungaji Joram, akina mama mnaolinda masufuria, na nyinyi nyote mliokuja na mikebe ya kubebea mabaki: nasimama mbele yenu kwa huzuni kutangaza kwamba Cyrus hataimba leo. Uzi mmoja wa gitaa umekatika. Jamani, makofi hayo si ya kiungwana!

Leo tunamuaga Cyrus na mchumba wake, Nasimiyu. Kwa wasiojua, Cyrus amekuwa mlinzi wa hoteli hapa Doha, kule West Bay, tangu 2009, kwenye mlango wa ukumbi ambamo Wabrazili hupiga bossa nova, ule muziki wa kubembeleza. Mlinzi haruhusiwi kutikisika, kwa hiyo ameucheza miaka yote kwa nyusi. Siku moja akamuuliza mpiga gitaa nyimbo zile zinasema nini. Akajibiwa: mwanamke anapita, mji wake unapendeza, mimi nateseka. Cyrus akawaza, mbona haya yote ninayo?

Mwanamke alikuwa Nasimiyu, nesi wetu wa kule Muaither. Mkataba wake ulikuwa unaisha. Cyrus asingesema Ijumaa ile ya mwisho, siku yetu ya ibada huku, angebaki kumpungia mkono uwanja wa ndege kama sisi wengine. Basi akamtungia wimbo, akauimba mbele yetu sote, na kwa kuwa nyimbo za Wabrazili zina ufukwe, akaipa Kitale, kwao Nasimiyu, ufukwe. Na minazi.

"Bahari gani Kitale, wewe?" Phoebe wetu huyu hapa akauliza.

Nasimiyu alicheka hadi akashika ukuta. "Cyrus, kwetu ni mahindi na matope. Imba hayo kama wewe ni mwanaume!"

Ndugu zangu, nyinyi mngefanya nini? Mimi ningetafuta mlango. Cyrus akafumba macho, akaimba: "Nasimiyu anapita na gambuti za kaka zake, moja nyekundu, moja nyeusi, Kitale yote inasimama..."

Sasa mnaeneza hapa Doha kwamba alikubaliwa kwa sababu ya sauti. Sauti ile? Ukweli ni huu. Nasimiyu aliacha kucheka, akauliza polepole, "Habari ya gambuti umeitoa wapi?"

"Si wewe husimulia kila Ijumaa tukitoka kanisani?"

Waheshimiwa, kwenye gari la kutoka kanisani huwa tumo sote. Dereva ni mimi, na Nasimiyu hukaa ubavuni pangu. Habari ya gambuti sikuwahi kuisikia. Aliyeisikia alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, na kesho yeye na Nasimiyu wanapanda ndege pamoja.

Nawashukuru kwa masikio yenu.