Rangi ya Chini

Odette: Haloo? Nani huyu?

Florentin: Ni mie, Florentin. Simu ni ya jirani, yangu imezimika.

Odette: Yaya, kaka yangu! Jambo sana. Huko Kindu muko salama?

Florentin: Tuko. Mama iko karibu?

Odette: Iko nje, anaanika muhogo. Nimuite—

Florentin: Hapana! Usimuite. Sogea kando kidogo.

Odette: Nimesogea. Kuna nini?

Florentin: Ile pompi ya kuuzia esansi ya magari—

Odette: Ile ulipewa na Papa Hamadi, fundi wa vyuma? Si ulisema utaisimamisha mbele ya butiki kabla ya Noeli, nyekundu kama zamani za Baba—

Florentin: Nisikie kwanza! Mukono wa kuzungusha nimelainisha, kioo kiko kizima. Leo njo nimeanza kukwangua.

Odette: Rezo inakata, sikusikii muzuri... kukwangua nini?

Florentin: Rangi! Chini ya rangi kuna matundu, Odette. Yamezibwa na chuma, yakasudewa kwa moto, yakapigwa tupa mpaka mukono hausikii kitu.

Odette: Labda kutu—

Florentin: Risasi. Tatu. Zote kwa urefu wa kifua changu.

[Laini inakwaruza.]

Odette: Wakati wa vita walipiga risasi kila pahali, yaya.

Florentin: Na Baba alisimama wapi kila siku akiuza esansi?

Odette: Baba alivuka muto, akakimbilia Pangi! Papa Hamadi alimuona kwenye mutumbwi—

Florentin: Papa Hamadi njo aliyesude. Kazi yake naijua. Siku ya kunipa pompi alisema, "Kwangua wewe mwenyewe, usimpe muntu mwingine." Mie mujinga nikazani anaogopea kioo.

Odette: Yesu wangu.

Florentin: Miaka yote hii Mama anapiga pasi shati ya Baba kila Noeli, eti atarudi. Nitamwambia nini? Bora nizibe tena. Nipake rangi, ninyamaze.

Odette: Yaya, ngoja— Hapana, Mama, ni muntu tu wa—

Mama: Lete simu. Florentin?

Florentin: Jambo, Mama.

Mama: Umekwangua?

Florentin: ...Kidogo.

Mama: Umeona ngapi?

Florentin: Ngapi nini, Mama?

Mama: Usinichezee. Matundu.

Florentin: ...Matatu.

Mama: Ni mane. Kwangua chini, kwa urefu wa goti. Ile ya mwisho walipiga akiwa ameisha kuanguka.

Florentin: Mama! Ulijua?

Mama: Hamadi alisude, mie nikapaka rangi. Ulikuwa na miaka kumi na tano. Vijana wenzako walienda kuchukua bunduki kwa kulipizia baba zao, hata mumoja hakurudi. Nilikuwa nimepoteza bwana. Sikutaka kupoteza na mutoto.

Florentin: Na shati?

Mama: Shati ilikuwa kwa ajili yenu. Kulia nililia shambani, peke yangu. Nimechoka, mwanangu. Mie njo nilimwambia Hamadi akupe ile pompi.

Florentin: Mama, yunite za simu zinaisha. Alizikwa wapi?

Mama: Hamadi alimuzika na mikono yake. Nenda, mwambie nimesema akuonyeshe. Alhamisi mie na Odette tunapanda piki tunakuja. Tutafanya matanga. Na yale matundu usi—

Florentin: Sizibi, Mama. Kuja na shati.

Mama: Iko tayari. Nimeipiga pasi jana.

[Laini inakatika.]