Dumu la Mkwe Mwenzangu

Sogeeni, wanangu. Wewe mkubwa acha kuegemea hilo kabati, litakuangukia, nami sitaki mtu anitangulie leo. Kaeni chini wote, zimeni redio, na asinikatize mtu, kwa sababu pumzi iliyobaki ni ya kupimwa kwa kijiko na yote nataka kuitumia kusema ukweli, jambo ambalo mnajua si mazoea yangu.

Nyumba ni ya mama yenu mpaka aichoke mwenyewe. Spana na vifaa vyangu vyote vya ufundi bomba ni vya kitinda mimba, ambaye ameshavichukua bila kuniuliza, basi sasa awe navyo kwa halali. Limebaki shamba la bondeni lenye chemchemi, na ile karatasi ya watu wa idara ya maji ambayo nimeilalia chini ya godoro miaka miwili, wakitaka sahihi yangu ili watandaze bomba kutoka kwetu mpaka kule kwenye ukame, siku nzima kwa basi, kule alikoolewa dada yenu.

Nilikataa, mkanisifu. Wewe mkubwa ukaitisha mkutano, ukapanda juu ya meza, ukasema baba yako ndiye mlinzi wa bonde, kwamba maji yetu yakishafunguliwa hayafungiki tena, kesho watataka na mawingu. Watu wakapiga makofi, mimi nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu, mwanangu. Nilikuwa naona haya.

Sikilizeni. Dada yenu alipojifungua mtoto wa kwanza nilikwenda kuwapongeza. Nimefika na vumbi mpaka kwenye kope, mkwe mwenzangu, baba wa mume wa dada yenu, akanionyesha bafu, ua mdogo wa mabati nyuma ya nyumba, ndani pipa limejaa na kikombe cha bati kinaelea juu. Mimi mtu wa bondeni, niliyezaliwa maji yakipita chini ya dirisha, nikakiona kile kikombe nikadhani ni cha kupigia mswaki. Nikachukua ndoo, nikaoga, tena huku naimba. Nikasuuza ndala, nikafua shati, na mwisho, kwa adabu zangu, nikaona si vizuri kuwaachia wenyeji maji yenye povu, nikaliinamisha lile pipa, nikamwaga yote na kulisugua. Kutoka nje nakuta familia nzima imesimama, watu tisa, wanatazama maji yanavyotoka chini ya mabati na kuku wanavyoyakimbilia.

Yalikuwa maji ya wiki, wanangu. Ya kunywa, ya kupikia, ya mzazi na mtoto wa siku sita.

Mkwe mwenzangu hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliniuliza tu, "Umetakata, mkwe?" Nikasema nimetakata. Kesho yake nikapanda basi, nikaja kuwaambia kwamba watu wale wana dharau, hawajui kukaribisha mgeni, nanyi mkamnunia mzee wa watu miaka kumi na minne kwa uongo wangu. Kule mpaka leo naitwa Mafuriko. Sasa karatasi ilipokuja nikawaza, bomba likifika kwake atafungua, atacheka, atasema Mafuriko ameleta yale ya pipa. Kwa kuogopa kicheko cha mtu mmoja nimewanyima wote maji, na nyinyi mkaniita shujaa.

Jana amekuja. Mmemwona wenyewe akishuka kwenye basi na goti lake bovu, amepakata dumu la lita ishirini kama mjukuu, amelileta mpaka huku ambako hata njia ya kwenda chooni ina maji. Nikamuuliza, "Mkwe, hilo la nini?" Akasema, "La kuogea. Sikutaka kuwamalizia yenu." Nilicheka mpaka mama yenu akadhani ndiyo nakata roho, naye mkwe akacheka, kisha mimi nikalia, tena kwa sauti.

Basi leo asubuhi nimetia sahihi, yeye akanishikia karatasi. Lakini wewe mkubwa hukusema upuuzi mtupu juu ya ile meza. Nimeandika kwa mkono wangu: wenye bustani za mboga huku chini wapate kwanza, na zile ngazi za mawe zinazoteremka kwenye chemchemi, siku ile ngazi ya tatu ikionekana kavu, bomba lifungwe mpaka mvua, hata alie nani. Ufunguo wa koki kubwa apewe dada yenu huyu hapa, kwa sababu amekanyaga tope letu na vumbi lao, hadanganyiki na upande wowote. Usinune, mkubwa. Kazi ya kutazama ngazi ni yako. Na yule bwana wa maji ya chupa anayeitaka chemchemi yetu akirudi na kofia zake za bure, chukueni kofia, kisha mwonyesheni njia.

Ngojeni... nipumzike kidogo.

Binti yangu, nipe maji. Nusu. Usijaze, nusu inanitosha. Ehe.

Mungu awape kiu ya kuwakumbusha wenzenu, na maji ya kuikata. Mpendane... hata wewe mkubwa, upendwe.

Mkishanifumba macho, mniogeshe kwa lile dumu lake. Nimemwomba. Safari hii nimeomba. Na iwe kwa kikombe, mnanisikia? Kwa kikombe... Yatakayobaki, mrudishieni mwenyewe.