Walivyoniacha Kwenye Maporomoko

Mwadila, nawasalimu, kina mayu, mama zangu. Asanteni kwa kiti hiki. Ningependa niseme nimesimama, lakini mguu bado hauniruhusu kusimama muda mrefu. Nitasema nimeketi, na hasira yangu mtaisikia vilevile.

Wengi mnanijua, nafundisha watoto wenu pale sekondari. Mnajua nilipotea darasani karibu mwaka mzima, nikarudi na magongo. Mengi mliyosikia hapo katikati ni uongo, ndiyo maana leo nimeomba kusema mwenyewe.

Kuna kaka mmoja hapa Bariadi, jina lake silitaji, anakusanya watu na kuwapeleka matembezi. Alitujia walimu na watumishi wa hospitali, akatuonyesha kwenye simu maporomoko yaliyojificha ndani ya msitu mnene, kule milimani Morogoro. Ndugu zangu, mimi nimekulia Zagayu kwenye pamba. Kuona maji yanaanguka kutoka juu namna ile, katikati ya kijani kitupu, nilitamani. Na kutamani si dhambi.

Nilimuuliza kabla ya kukubali. "Kaka, njia ikoje? Kuna mwenyeji wa kutuongoza?"

"Mwalimu, kila kitu nimepanga. Mwenyeji yupo, kamba zipo, dawa za huduma ya kwanza zipo. Wewe njoo na raba zako tu."

Tulipofika kijiji cha mwisho alishuka peke yake kwenda kuongea na uongozi. Akarudi anatabasamu: "Tumeruhusiwa." Baadaye, nikiwa kitandani hospitali, wanakijiji ndio walionieleza alichoambiwa. Aliambiwa mvua imeanza huko juu, msipande leo, na siku yoyote msipande bila mwenyeji. Mnasikia? Akaja kutuambia tumeruhusiwa!

Mwenyeji hakuwepo. Tulipomuuliza alisema atatukuta mbele. Tukapanda. Mizizi imelala njiani kama nyoka, ruba wanaingia mpaka ndani ya soksi, simu haina mtandao. Tukapotea njia, tukairudia, tukapotea tena. Tulipofika kwenye mteremko wa utelezi nikauliza kamba ziko wapi. Ziko kwenye gari, akasema. Gari tulikuwa tumeliacha chini asubuhi!

Sitawadanganya, maporomoko ni mazuri. Mngurumo wake unausikia kifuani kabla hujayaona. Nilipoyaona nilitoa machozi. Kaka yule akatutaka tuvuke hadi kwenye jiwe kubwa katikati ya mto, tupigwe picha. Tukiwa pale juu nikaona maji yanageuka rangi ya udongo, yanaleta majani na vijiti. Kina mayu, nani hapa hajui mto unavyojaa ghafla, juu yako kweupe kabisa kumbe mvua imenyesha kwingine?

"Kaka, maji yamebadilika. Tutoke!"

Akacheka. "Mwalimu, huku si Zagayu. Picha moja tu."

Maji yakaja. Kulikuwa na mwalimu mwenzangu, binti mgeni kazini, amekauka kwa woga. Nikamsukuma mbele yangu akavuka. Mimi nikateleza, mguu ukanasa kati ya mawe mawili, nikausikia mfupa unavunjika. Maji yakanifika kifuani. Aliyenitoa ni nesi wetu, dada Mwislamu aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga. Alivua mtandio wake, akanifunga chini ya makwapa, wakanivuta yeye na yule binti.

Kiongozi wetu alikuwa ng'ambo tayari. Unajua alisema nini? "Tushuke kabla njia haijakatika. Huyu hawezi kutembea, tutatuma watu."

Nesi akamjibu, "Nendeni. Mimi mgonjwa simwachi."

Wakaenda. Nesi akavunja matawi, akachana kitenge changu, akaufunga mguu. Kila nilipofumba macho alinipiga kofi dogo shavuni. "Usilale. Nitajie wanafunzi wako, mmoja mmoja." Nikamtajia hadi watoro.

Na yule kaka? Alifika kijijini, akapakia watu kwenye gari, akawaambia msaada umeshapanda. Hakumwambia mtu yeyote! Ni yule binti aliyefungua mlango wa gari, akakimbilia wakulima waliokuwa shambani huku analia. Wanaume wa kijiji wakaja na machela ya miti na blanketi, wakatukuta jua halijazama.

Niliwekewa vyuma mguuni. Nikarudishwa nyumbani, na hapo ndipo nilipoanguka hasa. Wageni walikuja kunipa pole, na pole zao zilikuwa hivi: "Mama mzima na watoto wako, ulifuata nini porini?" Wengine wakasema mizimu ya maji imenikataa. Yule kaka akaweka picha ya maporomoko mtandaoni, akaandika safari imefana. Nami nikaanza kuwaamini. Nikaacha kutoka nje ya geti. Nikaacha kuitikia hata salamu. Nesi akija kunifanyisha mazoezi namgeuzia mgongo, naye anakaa tu pembeni ya kitanda, anasubiri.

Siku moja yule binti akanipigia simu. "Dada, yule kaka yuko hapa shuleni kwenye kikao cha wazazi. Anataka kuwapeleka wanafunzi kulekule."

Kulekule! Ndugu zangu, nawaambia, sijui nilivaa saa ngapi. Nilijikuta barabarani na magongo yangu. Nilipoingia, yeye akawahi kusema, "Mwalimu wetu huyu alipata ajali ndogo, bahati mbaya tu."

Nikamwambia mbele ya wote: "Bahati mbaya ni jiwe kuteleza. Ulikatazwa kupanda, ukatuambia tumeruhusiwa. Uliniacha na mguu uliovunjika, hukutuma mtu. Hiyo inaitwaje?"

Binti akasimama kando yangu. "Mimi nilikuwepo. Ni kweli." Wazazi wakakataa safari yake palepale. Kuniomba radhi hajaniomba mpaka leo, na malalamiko yetu polisi bado tunayafuatilia. Kesho yake nesi alipokuja nilimwambia: haya, nifundishe kukanyaga.

Wabeja sana, asante, dada yangu nesi, naona unajificha nyuma ya mtandio. Wabeja binti yangu. Na wale wanaume wa milimani walionibeba bila kunijua, Mungu awape uzima.

Kwenu ninyi nasema hili. Mtu akitaka kumpeleka mwanao mahali pa hatari, muulize, na majibu yake yahakikishe kwa wenyeji wa huko. Na mtu akirudi amevunjika, msianze kumuuliza alifuata nini. Muulizeni nani alimwacha.

Wanafunzi walikwenda kulekule mwezi uliopita. Shule iliandaa yenyewe, pamoja na wenyeji na kamba zao. Walipofika nusu ya njia mawingu yakatanda, mwenyeji akasema turudi, na wakarudi. Nilikuwa getini basi lilipoingia. Wakashuka wote wamenuna, hakuna hata mmoja aliyeyaona maporomoko. Nikawahesabu. Wote walikuwepo, wamenuna hivyohivyo, na mimi nikalia kwa furaha.