Kaka Yangu Ray na Glasi Mlizomnunulia

Mchungaji, mama yetu Helmi, Karin na Wade watoto wa marehemu, ndugu, majirani, na ninyi wenzake wa idara ya barabara mliojaza viti vya nyuma, mimi ni Elaine Niemela, mdogo wake marehemu, niliyewafundisha wengi wenu darasa la nne hapa Tamarack Falls, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, kazi ambayo nimeifanya mara mbili, kwa sababu karatasi ya kwanza niliichana jana, ilikuwa nzuri mno na haikumhusu mtu niliyemjua.

Raymond Toivo Niemela alizaliwa tarehe 14 Februari 1958, katika nyumba yetu ya Barabara ya Kinu, akiwa mtoto wa kwanza wa Toivo Niemela, mchimba madini, na Helmi, akabatizwa katika kanisa hili mwezi Aprili mwaka huohuo, akapata kipaimara mwaka 1973, akasoma shule za hapahapa mjini na kuhitimu sekondari tarehe 4 Juni 1976, si kwa alama za kujivunia, bali kwa mikono iliyoweza kufungua injini yoyote na kuifunga tena bila kubakiza hata skrubu moja. Bia ya kwanza alipewa na baba kwenye sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, akiwa na miaka kumi na mitatu, nasi tukacheka alivyokunja uso, na sisemi hivi kumlaumu baba, ambaye naye alipewa na baba yake, nasema kwa sababu nikiacha hili nitakuwa nimeanzia katikati.

Tarehe 7 Novemba 1977 aliajiriwa na kaunti kuendesha gari la kusukuma theluji, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitano, na tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Marlys Bergdahl, mbele ya madhabahu hii, wakajaliwa watoto wawili, Karin mwaka 1983 na Wade mwaka 1987. Mnakumbuka wote tarehe 19 Februari 1985, theluji ilipofika madirishani, Ray akatangulia mbele ya gari la wagonjwa maili ishirini na sita, akilifungulia njia, mpaka mama mmoja akafika hospitalini na kujifungua salama, na mtoto yule amekaa hapa leo, ana ndevu. Tangu siku hiyo kaka yangu hakukaa tena kwenye baa yoyote ya mji huu mbele ya glasi tupu, maana kila aliyeingia alisema, "Mletee Ray, bila yeye tungefukiwa," na kila mmoja wenu alitoa shukrani yake moja, mkaenda makwenu kula, naye akabaki na shukrani za mji mzima.

Tarehe 12 Oktoba 1996, Jumamosi, saa nane mchana, Ray alimchukua Karin kutoka mazoezi ya mpira wa kikapu, gari likaacha barabara na kugonga nguzo karibu na daraja, Karin akavunjika mfupa wa bega, na mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Askari alipouliza kulikoni, nilijibu kabla kaka yangu hajafungua mdomo, maana angefungua mdomo askari angenusa.

"Ni barafu, afande," nikasema, "hapo darajani huwa kuna barafu."

Askari akaitazama lami, kavu kama sakafu hii, akanitazama mimi niliyekuwa namfundisha binti yake, akaandika barafu, na mji mzima ukalipokea neno hilo, jirani akaleta supu, msimamizi wake kazini akampa siku tatu za mapumziko, na Karin, mwenye miaka kumi na mitatu, akaenda shule mkono wake umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, akiwaeleza wenzake habari za barafu. Karin, leo nasema mbele ya watu hawa kwamba hapakuwa na barafu, nilipaswa kusema siku ileile.

Mwaka 1999 hatimaye alinyang'anywa leseni, kaunti ikamweka karakana mpaka aliporudishiwa, na katika muda huo aliendesha trekta dogo la kukatia majani kwenda baa na kurudi, mkampiga picha, mkaitundika ukutani, na kwa kweli hata mimi nilicheka, lakini Marlys hakucheka. Tarehe 2 Juni 2001 aliondoka na watoto, akaja kwanza kwangu kuniaga, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Wifi," akaniambia, "nimechoka kunusa watu. Mume akiingia namnusa, watoto wakitoka kwa baba yao nawanusa. Hiyo si ndoa, hiyo ni kazi ya mbwa wa polisi."

Nilimwomba avumilie, kama mlivyomwomba wengi wenu, na leo namwomba radhi, maana hakuna hata mmoja wetu aliyemwomba Ray chochote.

Aliyemwomba ni Karin. Mwanzoni mwa mwaka 2009, akijiandaa kufunga ndoa, alimwambia baba yake, "Utanisindikiza ukiwa hujanywa, au nitatembea peke yangu," na tarehe 3 Machi Ray akaingia mwenyewe kwenye kituo cha kuachia pombe, akakaa siku ishirini na nane, na tarehe 12 Septemba akamsindikiza binti yake katika njia hii iliyo mbele yangu, akitetemeka, lakini kwa hofu tu. Kwa miaka minne na miezi miwili nilikuwa na kaka. Alinipigia simu kila asubuhi kunisimulia hali ya barabara, hata kiangazi ambapo barabara hazina hali yoyote, akamwomba Karin msamaha wa lile bega, akamfundisha Wade kufungua injini, na mama akaacha kushtuka simu ikilia.

Tarehe 17 Mei 2013 alistaafu, mkamwandalia sherehe pale karakana, mkampamba vizuri, na mmoja wenu, simtaji, akamwekea glasi ya brandi mkononi.

"Miaka thelathini na mitano, Ray," akasema, "glasi moja itakufanya nini?"

Nikamwambia amwache, naye akanigeukia akitabasamu, "Mwalimu, hapa si darasani, mruhusu mwanafunzi wako atoke nje," watu wakacheka, Ray akacheka nao, akaitazama ile glasi kwa muda mrefu kuliko kicheko chenu, akanywa.

Aliugua ini kuanzia mwaka 2019, tumbo likajaa maji, akalazwa mara saba, kuanzia masika ya 2022 akawa ananiita kwa jina la shangazi yetu aliyekufa zamani, na alifariki dunia Jumatatu tarehe 22 Januari 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka sitini na sita. Jana mama alinishika mkono na kuniambia, "Elaine, andika moyo. Andika moyo wake ulisimama, si uongo, kila anayekufa moyo husimama," nikamjibu kwamba nimeshasema barafu mara moja katika maisha yangu na inanitosha. Akasema, "Basi andika, ila usome polepole nisikie." Mama, kaka yangu ameuawa na pombe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumdharau, majirani waliomfagilia theluji mlangoni yeye aliyewafagilia maisha yake yote, na wenzake wa kazini, hususan yule nisiyemtaja, ambaye kwa miaka minne alimpeleka hospitali kila Alhamisi na kumsubiri kwenye kiti kigumu, nami nimeshindwa kumchukia ingawa nimejaribu. Mwili utahifadhiwa mpaka ardhi iliyoganda ilainike mwezi Mei, tarehe ya maziko mtatangaziwa, na kahawa iko ukumbini chini.

Nimesoma tangazo mlilobandika kwenye mlango wa baa, kwamba baada ya ibada mtakutana huko kumkumbuka, na kwamba Wade atainua glasi ya kwanza. Wade ana miezi minane na siku kumi na moja hajaonja pombe, ameniruhusu niliseme hili, na leo asubuhi wawili kati yenu mlimfuata kwenye maegesho mkamwambia, "Kijana, utamkatalia baba yako?" Sina uwezo wa kuifunga baa ile, na nimechoka kuwaomba, kwa hiyo nawaarifu tu kwamba Wade haji. Atampeleka bibi yake nyumbani na atashinda naye, na anayetaka kumpa pole ampigie simu, au abishe hodi akiwa mikono mitupu.

Raymond Toivo Niemela, kaka yangu, umechoka, nasi tumechoka. Pumzika.