Elisée Ushindi, Fundi wa Kutuliza Injini za Meli

Mzee Elisée Ushindi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 huko Kalundu, Uvira, mtoto wa mpakiaji mizigo wa bandarini. Alisoma shule ya msingi hapohapo, ingawa mamake alilalamika kwamba masikio ya mtoto huyu yalibaki melini.

Mwaka 1976 alikwenda Kalemie kujifunza ufundi, kisha akatumikia meli za mizigo za Ziwa Tanganyika. Alibobea katika regileta, kile kifaa cha mafuta kinachoizuia injini isikimbie ovyo wala isizimike mzigo ukizidi.

Tarehe 9 Agosti 1986 alimuoa Goretti. Hawakujaliwa mtoto, wakamlea mpwa wao Divine, anayewasomea maneno haya. Septemba 2017 vita ilifika Uvira, na katika kukimbia wakapotezana na Goretti. Mzee na Divine wakafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wawili tu.

Katika mji wa karibu, Mbarara, alipata kazi kwenye mashine ya unga ya Mama Capitoline, iliyoendeshwa na injini kuukuu ya meli. Mwendo wa injini ulikuwa ukipanda na kushuka, na mafundi walikwisha kubadilisha kila kitu. Mzee akamwaga mafuta ya regileta, akatia mapya, akalegeza skrubu yake. Lo! Injini ikazidi kunguruma, wateja wakatoka mbio.

"Mzee, utaniulia mashine!"

"Acha ihangaike kwanza, mama, hewa itoke." Akaikaza skrubu polepole mpaka injini ikatulia. Kisha akasema, "Mashine ina bahati. Iko na fasi ya kutolea hewa."

Jamani, mzee wetu alikuwa mpweke. Laini yake ya Kongo hakuitoa kwenye simu hata siku moja, maana ndiyo namba aliyoijua mkewe. Wakimbizi walipochaguliwa kuhamishiwa ng'ambo, naye akaitwa pamoja na Divine, alikataa. "Goretti akikuja hapa, atanikuta fasi gani?" Divine alikasirika, akanuna, mwisho akabaki naye.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2025. Alilazwa Mbarara, akafariki tarehe 10 Februari 2026 alfajiri. Neno lake la mwisho kwa Divine lilikuwa, "Simu iko na chaji?"

Ameacha mpwa wake Divine, majirani wa Nakivale, na mke wake Goretti, popote alipo. Wengine walitushauri tumtaje kama marehemu. Tumekataa.

Lala salama, mjomba. Simu iko na chaji. Zamu ya kumngoja sasa ni ya Divine.